Bia ya nyumbani imemaliza kuchacha? Usiulize viputo

Mbege, pombe ya ndizi ya Uchagani, hunywewa ikiwa bado hai, povu likipanda kwenye kata, na hakuna anayesubiri itulie. Bia ya shayiri tunayoifunga kwenye chupa ni habari nyingine. Hamira ikikuta humo sukari iliyobaki itaendelea kuila, gesi itakosa pa kutokea, na chupa itapasuka. Zangu mbili zilipasuka usiku kabatini. Asubuhi nilikuta kipande cha kioo kimechoma boksi la unga lililokuwa rafu ya juu. Tangu hapo suala hili silichukulii kirahisi.

“Viputo vikikoma, bia tayari.” Dhana hii ndiyo inayoponza wengi. Kizibo chenye maji, kile cha juu ya mfuniko wa ndoo kinachopitisha gesi kwa viputo, kinaonyesha gesi inayopita hapo tu. Mfuniko wa ndoo usipobana, gesi hupenya pembeni na kizibo hunyamaza siku ya pili, hamira ikiwa kazini. Au chumba kinapata joto mchana, gesi iliyoyeyuka ndani ya bia inatoka, viputo vinarudi, nawe unadhani bia imeanza upya.

Cha kuuliza ni haidromita, kipimo cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa kimiminika ukilinganishwa na wa maji. Kwenye maji matupu husoma 1.000, kwenye maji ya kimea kabla ya hamira, tuseme 1.050, kwa sababu ya sukari. Sukari ikiliwa namba hushuka, kwa bia nyingi za kawaida hadi kati ya 1.010 na 1.014. Chota kwa chombo kilichotakaswa, mimina kwenye bomba la kupimia, kisha zungusha haidromita kwa vidole ili viputo vilivyoganda ubavuni viachie. Shusha jicho hadi usawa wa bia ndipo usome. Pima tena baada ya siku tatu. Namba ikiwa ileile, na ni ile uliyoitarajia, imemaliza. Bia uliyopimia usiirudishe ndooni. Ionje: ikinukia siagi, iache siku mbili tatu zaidi juu ya hamira yake.

“Siku saba zinatosha.” Inategemea joto, wingi wa hamira na uzito wa maji ya kimea. Ndoo iliyokaa kwenye nyuzi 20 haiendi sawa na iliyowekwa sakafuni Njombe mwezi wa Julai.

“Namba ikisimama, basi.” Ikisimama kwenye 1.022, huenda hamira imelala kwa baridi. Hamishia ndoo penye joto kidogo, izungushe taratibu bila kuifungua ili mashapo yaamke, ngoja, upime tena.

“Ikiwa angavu imekwisha.” Kuna hamira zinazozama mapema na kuacha sukari, na bia ya ngano hubaki na ukungu hata ikimaliza.

“Tofauti ndogo haina madhara.” Kushuka kutoka 1.015 hadi 1.012 ndani ya chupa hutoa gesi karibu sawa na ya gramu 6 za sukari kwa lita, kiasi tunachoongeza makusudi ili bia itoe povu. Ukiweka na sukari hiyo juu yake, umeongeza gesi maradufu.

Kama umeshafunga chupa na una wasiwasi, zitie kwenye friji leo, maana baridi huilaza hamira. Zivingirishe taulo nene unapozibeba, uzielekeze mbali na uso, kisha uzifungue moja moja juu ya sinki.