Kisu cha kuagiza: kagua kinga kabla ya makali

Mtu akipokea kisu alichoagiza kwa fundi, kwanza hujaribu makali. Si vibaya, ila makali hunolewa upya wakati wowote. Kinachosumbua kurekebisha ni mwanya kati ya bapa na kinga ya vidole, kile kipande cha shaba au chuma kinachozuia mkono usitelezee kwenye makali. Maji, damu na chumvi huingia humo yakakaa. Chuma kinachogusana na shaba penye unyevu huliwa na kutu haraka kuliko kikiwa peke yake, na kutu hiyo hujificha kwenye mkia wa bapa, ule unaoingia ndani ya mpini. Kisu kinakuja kukatikia hapo kikiwa bado kinang'aa.

Kwa hiyo karakana inayojali hutumia muda mwingi kwenye tupa. Kama mkia una unene wa milimita 4, toboa vitundu mfululizo kwenye kinga kwa drili ya milimita 3, kisha uviunganishe kwa tupa nyembamba viwe tundu moja la kupitisha mkia. Pitisha mkia upesi juu ya mwali wa mshumaa upate masizi mepesi, sukuma kinga mpaka ikwame, uitoe. Palipochafuka ndani ya tundu ndipo panapobana: piga tupa hapo tu, mara mbili tatu, urudie. Ikifika mahali pake, inua kisu dirishani. Mwanga ukipenya, kazi bado. Wengi huishiwa subira hapa, wakapanua tundu lote na kuziba kwa gundi yenye unga wa shaba. Hiyo kwangu ni kuficha ubovu.

Wapo wanaolehemu kwa bati lenye fedha kidogo, linaloyeyuka kwenye nyuzi joto 221. Inafaa, mradi bapa lifungwe kitambaa kibichi na moto uelekezwe kwenye kinga. Kulehemu kwa gesi na shaba kunataka zaidi ya nyuzi 800. Ukifanya hivyo umeharibu ugumu wote uliopatikana kwa kukaza chuma, yaani kukipasha moto na kukipoza ghafla.

Uso wa mbele wa kinga umaliziwe hadi msasa namba 600 kabla ya gundi, maana baadaye msasa haufiki pembeni mwa bapa bila kulikwaruza. Ribiti za mpini, vile vijiti vya shaba vinavyobana mti kwenye mkia, zigongwe taratibu kwa nyundo ya kichwa cha mviringo. Ukizidisha, mti unapasuka. Zikisuguliwa kwa mashine hupata moto kabla ya mti, gundi ikaachia na pete nyeusi ikabaki kuzizunguka. Tumia msasa uliokunjwa kwenye kibao kigumu. Kikiwa laini, mti huliwa zaidi na shaba inabaki imeinuka. Mteja apitishe ukucha hapo: ukikwama, kisu kirudi kwa fundi.

Shaba ya njano ya koki za maji na vitasa vikuukuu mara nyingi ina risasi, iliyotiwa ili ichongeke vizuri. Vaa barakoa, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji, na usilipulize kwa mdomo. Kuhusu mashine ya kung'arisha, gurudumu likidaka ncha ya kisu hukirusha kwa nguvu, mara nyingi kuelekea miguuni. Kazi ifanyike sehemu ya chini ya gurudumu, makali yakielekea linakozungukia, bila glavu, na watoto wa karakana wasikae karibu.