Mgonjwa wa saratani anayetibiwa kwa mionzi akinyimwa chakula, uvimbe haufi njaa

Wiki hii ndugu wa mgonjwa wameniuliza tena: "Daktari, tumeshamwachisha sukari, wanga, nyama na maziwa ili saratani ife njaa. Tumwachishe na nini kingine?" Jibu langu ni lile lile: mrudishieni chakula, tena leo hii.

Najua imani hii ilikotoka. Miaka ya 1920 mwanasayansi Mjerumani Otto Warburg aliona kwamba seli za uvimbe hutumia glukosi, yaani sukari ya damu, kwa wingi kupita kawaida. Ni kweli, na ndiyo maana kwenye kipimo cha picha kiitwacho PET mgonjwa huchomwa sindano ya glukosi iliyotiwa mionzi ili uvimbe ujionyeshe. Lakini damu haiishiwi glukosi kwa kuwa mtu ameacha wanga. Ini huitengeneza lenyewe, na malighafi ikikosekana kwenye sahani huchukuliwa kwenye misuli. Uvimbe unaendelea kula. Anayeliwa ni mgonjwa.

Kinachonikera zaidi ni watu kudhani kukonda ni suala la sura tu. Mwenye saratani ya kichwa na shingo hulazwa mezani akiwa amefungwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa usoni pake kabla ya tiba kuanza, ili mionzi ipige palepale kila siku, mara nyingi vipindi 30 hadi 35 katika wiki 6 au 7. Akikonda, mashavu hubonyea na barakoa hupwaya hadi kidole kinapita kati yake na taya. Kichwa kikicheza milimita chache tu, dozi iliyopangiwa uvimbe inaweza kuangukia tezi za mate au uti wa mgongo. Hapo ni kupiga picha upya, barakoa mpya, mpango mpya wa mionzi. Na tiba ikikatizwa, seli za saratani zilizobaki hupata nafasi ya kuzaliana.

Hesabu yenyewe ya chakula anachohitaji: kilokalori (kipimo cha nguvu itokayo kwenye chakula) 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na protini zaidi ya gramu 1 kwa kilo, ikiwezekana 1.5. Wa kilo 60 anahitaji kilokalori 1,500 hadi 1,800. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu kinywa huota vidonda, basi uji upikwe kwa maziwa, utiwe mafuta na yai lililoiva vizuri, anywe kidogo kidogo mchana kutwa, na dawa ya maumivu aimeze kabla ya kula, si baada. Anayepigwa mionzi ya nyonga akaharisha, apunguze makapi, yaani vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, kwa muda. Vidonge vya vitamini vya dozi kubwa viwekwe kando mpaka mionzi iishe.

Kuhusu mpira wa kulishia tumboni, sisi wataalamu wenyewe hatujakubaliana. Wengine huuweka mapema, wengine husubiri mgonjwa ashindwe kula. Mimi bado nayumba: anayewekewa mapema hakondi sana, lakini wengi huacha kumeza, na misuli ya koo isiyotumika hudhoofika. Kwa hiyo hata mwenye mpira namtaka ameze maji mafundo machache mara kadhaa kwa siku, mradi mtaalamu wa kumeza amethibitisha kwamba hayapitii njia ya hewa.

Mpimeni uzito kila wiki kwa mizani ile ile. Ukishuka kilo mbili, msisubiri tarehe ya kliniki, mleteni.