Ngoma iko mkononi: dhana potofu kuhusu jazi ya Manouche

Mtu akisikia kwa mara ya kwanza rekodi za Quintette du Hot Club de France, bendi ya jazi ya Manouche (Wamanouche ni tawi la wale wanaoitwa Wajipsi) iliyozaliwa Paris mwaka 1934, huuliza mpiga ngoma ni nani. Hayupo. Ni magitaa matatu, fidla moja na besi la kusimama, basi. Mimi ni mpiga rithimu, yaani gitaa la kusindikiza, na muziki huu naupenda kuliko wowote mwingine, na mambo yanayosemwa juu yake yananiuma kwa sababu mengi yanawanyima haki watu walioutengeneza.

Dhana: Bila ngoma, swing (jazi ya dansi) haijakamilika

Ngoma imo, ila imehamia kwenye mkono wa kulia wa mpiga rithimu. Wafaransa mtindo huo wanauita la pompe, yaani pampu. Hesabu mapigo manne. Pigo la kwanza, mkono unashuka na kugusa zaidi nyuzi nene, kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) inasikika kwa ufupi. Pigo la pili, unashuka kwa nguvu juu ya nyuzi zote, na papo hapo vidole vya kushoto vinalegea bila kuziacha nyuzi, sauti inakatika: chak. La tatu ni kama la kwanza, la nne kama la pili. Kabla ya la kwanza na la tatu, wengi huingiza mkwaruzo mwepesi wa kwenda juu. Ukiutafuta kwa sikio huenda usiupate, lakini mpigaji akiuacha, wimbo unalala.

Ile chak ndiyo inayoshika nafasi ya matoazi ya mguuni katika bendi nyingine. Besi la kusimama, linalopigwa kwa vidole, linaweka uzito kwenye pigo la kwanza na la tatu, na watu wanainuka kucheza. Ugumu hauko kwenye kupiga, uko kwenye kukata. Anayeanza huzikandamiza kodi mpaka mwisho, zinavuma, zinapandana, na mpiga solo, yule wa mbele, anakosa pa kupita. Kifundo cha mkono kikikaza, mwendo nao unaanza kukimbia. Na kwa kuwa wapiga rithimu ni wawili, lazima wakate pamoja, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja.

Ndiyo maana nawataja hapa Joseph Reinhardt na Roger Chaput, magitaa ya nyuma ya kile kikosi cha kwanza, na Louis Vola kwenye besi. Sifa zote huenda kwa Django Reinhardt, mpiga gitaa la solo, na Stéphane Grappelli wa fidla, na wanastahili. Lakini wazime wale watatu, uone Django atasimama juu ya nini.

Dhana: Ni muziki wa kale wa Wajipsi, umerithiwa kwenye misafara

Hii ndiyo inayonikera zaidi. Muziki huu una mahali na mwaka wake. Mwaka 1934 Django na Grappelli walikuwa wakipiga katika okestra ya dansi ya Louis Vola kwenye hoteli ya Claridge, Paris, na wakati wa mapumziko wakawa wanajifurahisha wenyewe nyuma ya jukwaa. Hot Club de France, chama cha wapenzi wa jazi, kikawasukuma kuwa bendi, na Desemba ya mwaka huohuo wakarekodi. Walirekodi nini? "Dinah", "Tiger Rag", "Lady Be Good": nyimbo za Kimarekani. Django alizikuta rekodi za Louis Armstrong akiwa kijana na zikambadilisha kabisa. Kabla ya hapo alikuwa anapiga banjo nyuma ya kodiani katika kumbi za dansi za Paris, kwenye zile waltz za musette ambazo mpaka leo bendi hizi hawaziachi.

Tena, katika wale watano wa mwanzo, Wamanouche walikuwa wawili tu, Django na mdogo wake Joseph. Grappelli alizaliwa Paris mwaka 1908, baba Muitaliano, mama Mfaransa. Baadaye waliingia wengine wa jamii ya Django, wakiwemo ndugu wa ukoo wa Ferret, wapiga gitaa hodari sana. Jina lenyewe la jazi ya Manouche lilikuja nyuma. Wao walijiita kwintet ya jazi, na walimaanisha hivyo. Ukisema imetoka kwenye damu, unafuta saa zote alizokaa mtu na gramafoni na kidole kwenye waya.

Kuhusu jina la watu wenyewe: neno la Kiingereza lililotupa "jipsi" lilitokana na kosa la Wazungu wa zamani waliodhani wageni hao wanatoka Misri. Asili yao ni kaskazini mwa Bara Hindi, na lugha yao inaonyesha hivyo. Hesabu yao ni yek, dui, trin, shtar, panj. Mhindi husema ek, do, tin, char, panch. Wengi wao leo hujiita Waroma, na wengi hawalipendi lile neno la jipsi kwa matusi lililobebeshwa. Manouche ni tawi lililokaa zaidi Ufaransa na Ubelgiji, na maana yake ni "mtu" tu. Sisi tunaosema lugha ya Kibantu hatuhitaji kuelezwa zaidi: na jina letu ni hilohilo, watu.

Dhana: Django alipiga kwa vidole viwili, na hapo ndipo siri ilipo

Nusu ya hii ni kweli. Usiku wa Novemba 1928, akiwa na miaka 18, gari lao la kuishi lilishika moto. Ndani yake kulikuwa na maua ya seluloidi (plastiki ya zamani) ambayo mkewe aliyatengeneza kwa ajili ya kuuza, na seluloidi hulipuka kama petroli. Aliungua mkono wa kushoto na mguu. Kidole cha pete na kidole cha mwisho vilikakamaa, vikajikunja. Alikaa mwaka na nusu akiuguza majeraha na kujifunza gitaa upya.

Solo zake ni za vidole viwili, cha shahada na cha kati, ndiyo. Kwenye kodi, hata hivyo, vile viwili vilivyoungua navyo vilikuwa na kazi: alivilaza kwenye nyuzi nyembamba za chini. Na badala ya kutambaa upana wa shingo ya gitaa, alikimbia urefu wake, juu na chini kwa mtelezo, hivyo akagundua njia ambazo mwenye vidole vinne hafikirii. Ila nimewahi kuona vijana wakikunja vidole viwili ili wasikike kama yeye. Sauti haipatikani hivyo. Sehemu kubwa ya sauti ile iko mkono wa kulia: piki (kipande cha kupigia nyuzi) nene na ngumu, mkono ulioinuliwa bila kuegemea ubao, na kila pigo la kushuka linaishia kwenye waya unaofuata.

Wapo pia wanaosema hakujua muziki kwa sababu hakusoma nota. Kusoma hakusoma, ni kweli. Alipotunga kazi za okestra, aliwatamkia wengine sauti moja moja waandike. Mwenye kusikia okestra nzima kichwani na kuigawa sauti kwa sauti anaujua muziki, tusibishane.

Dhana: Clarinet, ngoma au umeme ni kuuharibu muziki

Vita vilipoanza mwaka 1939 bendi ilikuwa London. Grappelli akabaki, Django akarudi Ufaransa. Pasipo fidla, aliunda kikosi kipya chenye clarinet ya Hubert Rostaing, na mpiga ngoma akaingia. "Nuages" ya mwaka 1940, wimbo wake uliopendwa kupita yote, ulitoka katika kipindi hicho. Aliupiga katika mji wa Paris uliokaliwa na Wanazi, huku Waroma wakikamatwa na kuuawa makambini sehemu nyingi za Ulaya. Mwaka 1943 alijaribu kukimbilia Uswisi, akashindwa. Mwaka 1946 alizunguka Marekani na Duke Ellington, na miaka yake ya mwisho alipiga gitaa la umeme akiifuata bebop, jazi mpya ya wakati huo. Alifariki Mei 1953, ana miaka 43. Anayetaka kuilinda "asili" ya Django dhidi ya umeme atalazimika kumlinda dhidi ya Django mwenyewe.

Dhana: Bila umeme ni muziki wa chinichini, wa kusindikiza chakula

Litazame gitaa lenyewe. Mwaka 1932 kampuni ya Selmer ya Paris ilianza kuunda magitaa yaliyobuniwa na Mario Maccaferri, ikaacha mwaka 1952, yakiwa yamefika takriban elfu moja tu. Ya mwanzo yalikuwa na tundu kubwa lenye umbo la D. Yaliyofuata yakawa na tundu dogo, duara refu kama jicho, na shingo ndefu zaidi. Nyuzi ni za chuma, zimefungwa kwenye kipande cha chuma mkiani, si kwenye ubao. Sauti yake ni kavu, kali, inatoka mara moja na kufa mara moja. Iliundwa kuwafikia wachezaji katika ukumbi uliojaa. Wapiga rithimu wengi hupendelea lile la tundu kubwa, mpiga solo huchukua lile la tundu dogo, kwa sababu hilo ndilo linalopenya kelele za viatu na vicheko mpaka ukuta wa nyuma.