Jiwe la figo likitoka usilitupe, ukoo wako una la kusema hapo

Mara nyingi nakaa na mgonjwa kliniki ananiambia, dokta, lilitoka lenyewe juzi usiku, maumivu nusura yaniue. Nikimuuliza liko wapi, ananiambia nimeshaflashi chooni. Roho inaniuma kwa kweli, kwa sababu hapo tumepoteza ushahidi.

Watu wanadhani mawe ya figo ni kitu kimoja, kumbe siyo. Mengi, kama 7 au 8 kwa kila 10, ni ya kalsiamu, hasa kalsiamu oksaleti, yaani kalsiamu iliyoshikana kwenye mkojo na oksaleti, kemikali inayopatikana kwenye vyakula kama mchicha. Yapo ya asidi ya uriki, hayo ni ndugu wa gauti, ule ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma, yapo yanayoletwa na bakteria kwenye mkojo, na yapo ya sistini, kemikali ya mwilini inayozidi kwenye mkojo kwa sababu ya ugonjwa ambao mtu anarithi kwa wazazi wake.

Sasa asili ya mtu inaingiaje? Chukua Wahmong, watu wa milimani Laos ambao baada ya vita kwisha 1975 wengi walikimbilia Marekani, na jimbo la Minnesota wako wengi sana. Madaktari wa kule wakaona kwa Wahmong mawe ya asidi ya uriki ni mengi kuliko kwa majirani zao, na gauti nayo hivyohivyo, wakati mji ni huohuo na hospitali ni zilezile. Au Wayahudi wenye asili ya Libya, walioana wenyewe kwa wenyewe vizazi na vizazi, jeni la ugonjwa wa sistini likabaki humohumo, kwao ugonjwa huo unampata kama mtu 1 kwa kila 2,500, na mawe yanaweza kuanza mtu akiwa bado mtoto.

Afrika Kusini ndiyo inanivutia zaidi. Kwa miaka mingi mawe ya figo yalikuwa nadra mno kwa watu weusi wa kule huku wazungu wanaumwa kila siku, watafiti wa Cape Town wakawapa watu wa pande zote mbili chakula kilekile chenye oksaleti nyingi na kalsiamu kidogo, oksaleti ikapanda kwenye mkojo wa wazungu, kwa weusi haikupanda hivyo. Marekani nako, takwimu za 2007 hadi 2010 zilionyesha waliowahi kupata mawe ni kama 10 kwa 100 kwa wazungu, na 4 tu kwa weusi.

Lakini jamani, 4 siyo sifuri. Na ukoo hauji na damu peke yake, unakuja na chungu cha jikoni pia. Halafu kuna jua, maana fundi anayeshinda juani Muscat au Dar bila maji, mkojo wake unakuwa mzito tu, na mkojo mzito ndio unaozaa mawe, awe wa kabila gani.

Ndiyo maana mimi sipendi mtu kumeza dawa ya shemeji yake. Jiwe la asidi ya uriki mara nyingi tunaliyeyusha kwa dawa ya kupunguza asidi kwenye mkojo, bila kisu, na eksirei ya kawaida hata hailioni. La kalsiamu haliyeyuki hivyo. La bakteria lazima litolewe lote, ukiacha kipande linaota tena.

Kwa hiyo kojolea kwenye chujio la chai ulilolitenga kwa kazi hiyo, likitoka lisuuze, likaushe, liweke kwenye kichupa kisafi. Usilibandike kwa selotepu, gundi inaharibu kipimo. Na ukija tuambie pia kama mama, baba, au mjomba aliwahi kupata mawe, na alianza akiwa na umri gani.