Simu Ndani ya Walt Disney World: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Mzazi anapotoka Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura kwenda kuwaona wanawe Marekani, na wajukuu wakiwapo nyumbani, haipiti wiki kabla safari ya Orlando haijatajwa. Huko, katika jimbo la Florida, ndiko iliko Walt Disney World, iliyofunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971 na yenye eneo la takriban kilomita za mraba 100, ambamo zimo bustani nne za burudani: Magic Kingdom, EPCOT, Hollywood Studios na Animal Kingdom. Katika eneo kubwa namna hiyo simu ina kazi nyingi kuliko salamu na picha, kwa sababu programu iitwayo My Disney Experience ndiyo inayobeba tiketi, ramani, muda wa kusubiri katika kila foleni na hata oda ya chakula. Anayekatika mtandao saa sita mchana anakatika na mambo hayo yote kwa mara moja. Nimewapeleka ndugu zangu huko zaidi ya mara moja, na kila safari imetanguliwa na maelezo ya watu wenye nia njema ambayo hayakuwa sahihi. Baadhi yake niliyaamini mimi mwenyewe, na ndiyo sababu nayaandikia.

Dhana: Alama za mtandao zikijaa kwenye skrini, intaneti ipo

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo inayowafanya watu waizime simu na kuiwasha mara kumi wakidhani imeharibika. Vile vijistari vya juu ya skrini hupima nguvu ya mawimbi yanayoifikia simu kutoka kwenye mnara, wala havielezi ni watu wangapi wanaogawana mnara huo. Unaweza kusimama chini ya mnara kabisa, vijistari vikajaa, na picha moja ikakataa kwenda, kama vile bomba la mtaa linavyoweza kuwa mlangoni pako na maji yakatoka kwa matone kwa sababu kila nyumba imefungua yake.

Inakadiriwa kwamba Magic Kingdom peke yake ilipokea wageni zaidi ya milioni 17 katika mwaka 2023, yaani wastani wa watu zaidi ya 46,000 kwa siku. Idadi hiyo inatosha kuulemea mtandao hata wanapokuwa wametawanyika. Wanapokusanyika usiku mbele ya Cinderella Castle kuangalia fataki, kila mmoja akiwa ameinua simu anarekodi na kutuma papo hapo, msongamano huwa mkubwa zaidi, na njia ya kupandisha picha na video ndiyo hubanwa kwanza, kwa kuwa katika mitandao mingi imetengewa nafasi ndogo kuliko ile ya kushusha. Simu yako haina kosa lolote.

Kuna mambo yanayosaidia kweli. Ujumbe mfupi wa kawaida, ule wa herufi 160, ni mdogo mno na husubiri zamu yake mpaka upite, kwa hiyo mara nyingi hufika wakati ujumbe wa WhatsApp unazunguka tu. Familia inayotaka kukutana baada ya fataki ipatane mapema kuutumia huo. Zima uhifadhi wa picha unaojiendesha wenyewe, kwa sababu usipouzima simu itajaribu kupandisha kila ulichopiga katika saa ambayo hakuna nafasi, huku ikimaliza betri. Picha za kutuma kwenye kundi la ukoo zisubiri hoteli. Na ikiwa simu imeng'ang'ania mnara uliojaa, kuiweka katika hali ya ndege kwa sekunde chache na kuirudisha huilazimisha itafute mnara upya, jambo ambalo mara nyingine humaliza tatizo.

Msongamano usichanganywe na tatizo jingine linalofanana nalo. Michezo mingi imo ndani ya majengo ya zege na chuma, mfano Space Mountain iliyofunguliwa mwaka 1975, na kuta za aina hiyo huzuia mawimbi. Humo vijistari hupungua kweli, na dawa yake ni kutoka nje tu. Kinachotakiwa kufunguliwa kwenye programu, kama vile tiketi ya foleni ya haraka, kifunguliwe kabla ya kuingia mlangoni.

Dhana: Waifai ya bure inatosha, laini haihitajiki

Waifai ya bure ipo katika bustani zote nne na katika hoteli za Disney, na ni msaada mkubwa kwa mgeni. Kuitegemea peke yake ni jambo jingine. Nayo pia inagawanywa na umati uleule, na mtu anayetembea hupita kutoka kifaa kimoja cha kurushia mawimbi hadi kingine, ambapo simu huweza kukishikilia cha nyuma kilichokwisha kufifia badala ya kuhamia cha mbele. Hapo hutaona chochote kikifunguka, ingawa alama ya waifai ipo. Kuizima waifai kwa muda na kutumia bando la laini mara nyingi ndiyo suluhisho, na hilo haliwezekani kwa asiye na laini yenye bando. Vilevile ukishatoka nje ya mazingira hayo, ukiwa unatafuta gari la kukodi au umepotelea njiani kurudi kwa wenyeji wako, waifai ya bustani haikufuati.

Wapo pia wanaoikwepa kabisa waifai ya umma wakiamini kwamba kila anachoandika mtu huonekana na majirani. Hofu hiyo imepitwa na wakati kwa sehemu kubwa, kwa kuwa tovuti na programu nyingi siku hizi husimba mawasiliano yake, yaani huyageuza yasisomeke na mtu mwingine. Hatari iliyobaki ni mitandao ya bandia yenye majina yanayofanana na ule wa kweli, kwa hiyo jina lihakikishwe kwa mfanyakazi, na miamala ya benki na ya fedha za simu ifanyike kwa bando lako mwenyewe.

Dhana: Laini ya nyumbani itafanya kazi kule kama inavyofanya kazi Nairobi au Kigali

Tangu mwaka 2014, Kenya, Uganda na Rwanda zilipokubaliana kupunguza gharama za simu kuvuka mipaka yao, watu wengi wa kwetu wamezoea kwamba kusafiri na laini ya nyumbani si jambo la kuogopesha. Makubaliano hayo ni ya ukanda wetu. Ukishuka Orlando, laini ileile huingia katika mikataba ya kampuni yako na kampuni za Marekani, ambapo data yaweza kuwa ghali mara nyingi zaidi na kupokea simu nako kwa kawaida hutozwa. Huduma hiyo ya romingi mara nyingi hutakiwa kuwashwa kabla ya kuondoka nyumbani, kwa hiyo swali liulizwe dukani mapema, si uwanja wa ndege.

Njia ninayoipendekeza ni kuiacha laini ya nyumbani ikiwa hai lakini data yake ya romingi imezimwa, ili ujumbe wa benki wenye namba za siri za muda uendelee kuingia, halafu intaneti itoke kwenye laini ya Marekani. Anayepewa simu na mwanawe aliyeko kule ajue jambo moja: simu za iPhone zinazouzwa Marekani tangu iPhone 14 ya mwaka 2022 hazina kitundu cha laini, bali hutumia laini ya kidijitali ya eSIM peke yake. Kadi uliyoibeba kutoka nyumbani haina pa kukaa. Na simu iliyonunuliwa kwa mkopo kutoka kampuni moja huenda imefungwa isikubali laini ya kampuni nyingine mpaka deni liishe.

Simu ya zamani nayo ina tatizo lake. Kampuni tatu kubwa za Marekani, yaani AT&T, Verizon na T-Mobile, zilizima mitambo yao ya 3G katika mwaka 2022. Simu ambayo nyumbani inapiga vizuri kwa 3G itakaa kimya kule, na hata yenye 4G yaweza kupata intaneti bila kuweza kupiga simu ya kawaida, ikiwa haikutengenezwa kupitisha sauti kwenye 4G ya mitandao hiyo. Wazazi wetu wengi hutumia simu za aina hiyo, na ni wao hasa tunaotaka wapatikane.

Lipo swali ambalo huulizwa kila mara: je, nikiweka laini nyingine, WhatsApp yangu itapotea? Haitapotea. WhatsApp imeandikishwa kwa namba uliyoithibitisha siku ya kwanza, na itaendelea na namba hiyo hiyo kwa intaneti yoyote itakayoipata. Programu ikikuuliza kama unataka kubadilisha namba, kataa.

Dhana: Ramani ya GPS inakula bando

GPS hupokea mawimbi ya setilaiti na haitumii bando hata kidogo. Kinachokula bando ni picha ya ramani inayoletwa chini ya kile kidoa cha buluu, na hiyo unaweza kuipakua usiku uliotangulia kwa waifai ya nyumbani, angalau kwa barabara za Orlando. Shangazi mmoja wa ukoo wetu alitembea Animal Kingdom kutwa nzima bila data, akifuata kidoa chake, mpaka akafika kijiji cha Harambe, kilichojengwa kwa mfano wa miji ya pwani ya Afrika Mashariki na kupewa jina lililotokana na neno letu harambee. Alifurahi kuyasoma maandishi ya Kiswahili ukutani, mbali namna ile na nyumbani, nami nafurahi kila nikikumbuka.

Dhana: Ukizifunga programu zote, betri itadumu

Kuzifagia programu kwenye skrini kila baada ya dakika tano hakusaidii, na huweza kudhuru, kwa kuwa kuifungua programu upya kutoka mwanzo hutumia nguvu zaidi kuliko kuirudia ile iliyokuwa imetulia. Wezi wa kweli wa chaji katika bustani ni mwanga wa skrini uliopandishwa hadi mwisho kwa sababu ya jua, kamera, na utafutaji wa mtandao pale ulipo dhaifu. Joto ni adui mwingine. Apple inashauri simu zake zitumike katika joto la kati ya nyuzi 0 na 35, na mchana wa Julai Orlando hukaribia kiwango hicho hata kivulini. Simu iliyoachwa juu ya kigari cha mtoto hupunguza mwanga wenyewe, hukataa kuchaji, na mwishowe hujizima. Iwekwe mfukoni au ndani ya mkoba, mbali na jua.

Pawabenki, yaani betri ya akiba ya kuchajia simu, inafaa sana, ila kuna kanuni ya ndege. Hairuhusiwi katika mizigo inayopelekwa chini. Ni ya mkononi tu, na isizidi wati-saa 100 (wati-saa, au Wh, ni kipimo cha nishati ambayo betri huweza kuhifadhi) isipokuwa kwa idhini ya shirika la ndege. Yenye mAh 20,000 ina wati-saa 74 hivi, kwa hiyo iko salama. Wanaopitia Dubai wakumbuke kwamba Emirates, tangu Oktoba 2025, hairuhusu kuitumia ndani ya ndege, hivyo ijazwe kabla.

Dhana: Bila simu huingii

Unaingia. Tiketi inaweza kuwa kadi ya kawaida au bangili ya MagicBand, na chakula huagizwa kaunta pia. Bibi asiye na simu janja ana haki zote za mgeni.

Dhana: Mtoto mwenye simu hawezi kupotea

Hapa naandika kwa uchungu kidogo. Katika bustani mojawapo mpwa wangu wa miaka sita alituponyoka, na alikuwa na kibangili ambacho mama yake alikuwa ameandika namba yake kwa uangalifu mkubwa, ikianzia na sifuri na saba kama tunavyoandika nyumbani. Aliyempata alijaribu kuipiga mara tatu bila mafanikio, kwa sababu kwa simu ya Marekani namba hiyo haina maana yoyote. Ilichukua dakika 40 kuonana naye tena, na simu za kila mmoja wetu zilikuwa na mtandao muda wote.

Namba iandikwe kwa ukamilifu: alama ya kujumlisha, kisha 255 kwa Tanzania, 254 kwa Kenya, 257 kwa Burundi, na ile sifuri ya mwanzo iondolewe. Afadhali zaidi iwe namba ya Marekani ya mwenyeji wenu, kwa kuwa si kila simu ya kazini inaruhusiwa kupiga ng'ambo. Mtoto aonyeshwe asubuhi, akiwa ametulia, vile vibandiko vya majina vifuani mwa wafanyakazi, aambiwe kwamba mwenye kibandiko ndiye wa kumwendea. Na watu wazima wapatane mahali pa kukutana penye jina na pasipohama.

Jambo likiwa la dharura, namba ni 911, na sheria ya Marekani inazitaka kampuni za simu kuipitisha hata kutoka kwenye simu isiyo na laini wala salio, ilimradi simu yenyewe inaweza kuushika mtandao uliopo. Kwa simu ya namna hiyo, taja mahali ulipo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu ukikatika hawataweza kukupigia.