Mnyama hafuati tumbo tu

Utasikia watu wakisema: mbwa au paka hana mapenzi, anafuata chakula, siku kikikatika, naye atakukimbia. Kauli hiyo imezoeleka, lakini haimtendei mnyama haki. Chakula huanzisha mazoea, sawa. Hakielezi yote.

Mwaka 2015 watafiti wa Japani wakiongozwa na Miho Nagasawa walipima oksitosini, homoni ileile inayopanda mama anaponyonyesha. Pale mbwa na mwenyewe walipotazamana kwa muda mrefu, ilipanda kwa wote wawili. Kwa mbwamwitu waliolelewa na watu haikuwa hivyo.

Paka nao wanasingiziwa ubinafsi. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, paka wachanga waliachwa peke yao kwa dakika 2 katika chumba kigeni. Mlezi aliporudi, takriban theluthi mbili walitulia na kuendelea kuchunguza chumba, kama afanyavyo mtoto anayemwamini mzazi wake.

Ushahidi unaonigusa zaidi uko kaburini. Huko Oberkassel, Ujerumani, mwaka 1914 ilifukuliwa mifupa ya mwanamume na mwanamke waliozikwa miaka 14,000 hivi iliyopita, pamoja na ya mbwa mchanga. Meno ya mbwa huyo yana alama za distempa, ugonjwa uliomrudia kwa wiki kadhaa. Bila mtu wa kumlisha, kumnywesha na kumsafisha, asingeishi muda wote huo. Hakuweza kuwinda wala kulinda, na bado walimuuguza.