Je, wajua kwa nini video ya mtu asiye na wafuasi inaweza kumpita mwenye wafuasi laki moja?

Tuseme kuna mama anayekaanga samaki mtaani Obunga, Kisumu. Kwenye TikTok ana wafuasi mia mbili hivi, wengi wao jamaa na majirani. Asubuhi anaposti video ya sekunde 40, na kufikia jioni imetazamwa mara elfu hamsini. Siku hiyo hiyo mchekeshaji wa mjini mwenye wafuasi laki moja ameposti yake, na haijafikisha hata elfu tatu. Wapo watakaosema mama ana bahati. Wengine watasema ni kiki. Mambo haya hutokea kila siku, na sababu yake inaeleweka vizuri kabisa.

Mitandao tuliyoizoea kwanza ilijengwa juu ya urafiki. Ulichoandika kiliwafikia waliokuwa marafiki au wafuasi wako, kisha wakikipenda kikasambaa. Asiye na watu alijisemea mwenyewe. TikTok ilishika njia nyingine. Ni mali ya ByteDance, kampuni ya Uchina iliyoanzisha programu ya Douyin nchini mwao mwaka 2016, ikatoa TikTok kwa nchi nyingine mwaka uliofuata, na Agosti 2018 ikaiunganisha na Musical.ly iliyokuwa imeinunua. Ukurasa wake mkuu, ule wa Kwa Ajili Yako, haukuulizi unamjua nani. Unakuletea video za watu usiowajua hata kidogo, halafu unatazama utafanya nini.

Mwaka 2020 kampuni yenyewe ilieleza hadharani inavyochagua cha kukuonyesha. Inaangalia unachofanya: unachotazama hadi mwisho, unachopenda, unachomtumia mwenzako, unapotoa maoni, akaunti unazofuata. Inaangalia video ina nini: maelezo yaliyoandikwa, sauti iliyotumika, alama za reli (zile za #). Na inaangalia simu yako: lugha uliyochagua, nchi uliyopo, aina ya kifaa. Vitu hivi havina uzito sawa. Kutazama video ndefu kuanzia mwanzo hadi mwisho ni ishara nzito. Mtazamaji na mwenye video kuwa nchi moja ni ishara nyepesi. Kisha wakaongeza jambo ambalo vijana wengi wa huku kwetu hawajalisikia: idadi ya wafuasi haihesabiwi moja kwa moja, wala kama video zako zilizopita zilivuma. Mwenye wafuasi wengi hupata watazamaji zaidi kwa kuwa tayari ana msingi wa watu, lakini mlango haufungwi kwa asiye nao.

Desemba 2021 gazeti la New York Times liliandika kuhusu waraka wa ndani wa TikTok uliolifikia. Humo mlikuwa na hesabu iliyorahisishwa: kila video hupewa alama kulingana na uwezekano kwamba utaipenda, utaitolea maoni, utaiacha icheze, na utakaa nayo muda gani. Malengo makubwa mawili yalikuwa mtu arudi tena kesho, na akiwa ndani akae sana. Ukishalijua hilo, mengi yanajifungua. Mfumo haukuulizi wewe ni nani. Unauliza kama mtu asiyekujua, kidole chake kikiwa tayari kupandisha skrini, atasimama.

Kwa hiyo video mpya huanza kwa kuonjeshwa watu wachache, kama muuza machungwa wa soko la Kibuye, Kisumu, anavyokukatia kipande. Wakibaki, inapelekwa kwa wengine wengi zaidi, kisha wengine tena. Wakiondoka, inakomea hapo. Ndiyo maana mchekeshaji wetu amekwama. Wafuasi wake laki moja walipatikana kwa vituko vya mwaka jana, na leo wengi wakimwona wanapita tu.

Tumtazame sasa yule mama kwa karibu, maana hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Anauza mgongo wazi. Kwa asiyeujua, huyo ni mbuta (wengine humwita sangara) aliyekwisha kutolewa minofu kiwandani: kimebaki kichwa, uti wa mgongo, mkia na vijinyama vilivyoshikilia mifupa. Mbuta si samaki wa asili wa Ziwa Victoria. Aliletwa humo miaka ya 1950, akazaliana kupita kiasi, na baadaye viwanda vikaanza kusafirisha minofu yake nchi za nje. Mifupa ikabaki hapa, na akina mama wa Obunga wakaifanya biashara.

Video hiyo anaweza kuirekodi kwa njia mbili. Ya kwanza tumeiona wote: anasimama mbele ya simu, moshi nyuma yake, anasema, “Hamjambo wapendwa, karibuni tena kwenye ukurasa wangu, leo ni siku nyingine njema, kwanza usisahau kunifuata na kubonyeza moyo…” Sekunde kumi zimekwisha na samaki hajaonekana. Mtu wa Nakuru asiyemjua hana sababu ya kungoja.

Ya pili inaanza na mkono wake tu, umeshika mkia, mifupa ya mbuta ikining'inia mbele ya kamera. Sauti yake inasema, “Nyama ya samaki huyu imepanda ndege. Sisi tumebaki na hii, na ndiyo tamu.” Anaitumbukiza kwenye karai, mafuta yanalipuka, unasikia ile *chwaaa*. Wakati inageuka rangi anaeleza ilikotoka, inauzwaje, kwa nini anaikausha kwanza kabla ya kuikaanga. Anaitoa, anavunja kipande shingoni, anaonyesha mnofu uliojificha pale. Hapo video inaisha, bila kwaheri ndefu.

Video ya pili inafanya kazi kwa sababu swali limezaliwa kwenye sekunde ya kwanza, tamu vipi na ni mifupa mitupu, na jibu liko mwishoni kabisa. Anayetaka jibu lazima akae. Mlio wa mafuta unamshika hata aliyekuwa hasomi maandishi. Mtu wa Mwanza ataandika kwamba na kwao wanaila, mtu wa Kakamega atabisha kwamba omena, yaani dagaa, ni tamu zaidi, na ubishi huo wenyewe ni maoni yanayoisukuma video mbele. Mama hakuhitaji taa za studio wala simu ghali. Alihitaji kujua kitu ambacho mtazamaji hakijui, na kukitanguliza.

Naamini hapa ndipo watu wa magharibi mwa Kenya wana utajiri ambao hawajauona. Mvuvi wa ufuo wa Dunga, Kisumu, anajua taa za omena zinavyowashwa usiku. Mfinyanzi, fundi wa baiskeli wa Busia, mlinzi wa fahali wa mchezo wa kupigana kule Kakamega, mama anayepika busaa, pombe ya kienyeji: kila mmoja ana jambo la sekunde 30 ambalo mtu wa mbali atakaa kulitazama. Badala yake tunarekodi tukiigiza watu wa Nairobi.

Utajuaje video yako ilianguka wapi? Fungua takwimu za video kwenye simu yako. Kuna mchoro unaoonyesha watazamaji wakipungua sekunde baada ya sekunde. Tafuta mahali ambapo mstari unaporomoka, kisha rudi uitazame video yako kwenye sekunde hiyo hiyo. Mara nyingi utakuta ulikuwa unajitambulisha, au unarudia uliyokwisha kusema. Takwimu hizo pia hukuonyesha watazamaji walikujia kwa njia gani: ukurasa mkuu, wafuasi, au kutafuta. Wanaotafuta ni watu wa thamani kubwa. Mgeni anayekuja Kisumu huandika “samaki Kisumu” au “hoteli Dunga” palepale TikTok. Kama maneno hayo hayamo kwenye maelezo yako wala hukuyatamka, hatakupata.

Kuna jambo lingine ambalo huwavunja moyo wengi. Video moja imevuma, elfu hamsini wametazama, na inayofuata inapata mia nne. Watu hudhani wamefungiwa na kampuni. Kwa kawaida hakuna aliyewafungia; umati ulipita, haukuwa wao. Waliotazama mifupa ya mbuta wakifungua ukurasa wa mama wakakuta maombi, picha za harusi ya binamu na densi tatu, hawana cha kufuata. Wakikuta samaki wa jana, bei za leo, na namna ya kumtambua ngege (tilapia) aliyelala, asiye mbichi tena, watamfuata, na video ijayo itaanzia kwa watu wanaojua walichokijia.

Azziad Nasenya, mzaliwa wa Mumias, ni mfano mzuri. Aprili 2020, shule zimefungwa na watu wamejifungia ndani kwa sababu ya korona, alijirekodi akicheza wimbo wa wanamuziki Femi One na Mejja, na nchi nzima ikamtazama. Densi ile iliigwa na watu wasiohesabika. Aliyefika mbali ni yeye, kwa sababu aliendelea kuposti watu wakiwa bado wanamtazama, akafika redioni na kwenye runinga. Kuvuma kulimfungulia mlango. Kazi ya baadaye ndiyo iliyombakisha ndani.

Lugha nayo ina nguvu zake. Ukisema Kiswahili cha kueleweka, Tanzania nzima inaweza kukutazama. Ukisema Kijaluo au Kiluhya, duara linakuwa dogo lakini lenye joto, na humo mna watu wa kwenu walio Marekani na Uingereza wenye hamu ya nyumbani. Sheng inashika vijana na kuwaacha wazazi wao. Zote ni sawa, mradi umechagua. Anayechanganya zote katika sentensi moja huwapoteza wote kwa zamu.

Mambo mengine hayastahili usingizi wako. Kubandika alama ya reli ya fyp, kifupi cha jina la Kiingereza la ukurasa wa Kwa Ajili Yako, kwenye kila video hakuongezi kitu, kwa kuwa haimwambii mtu wala mfumo video inahusu nini. Kununua wafuasi ni hasara tupu: ni akaunti zisizotazama, na video ikionyeshwa kwao inapitwa. Kweli, si kila kinachovuma kimevuma chenyewe. Januari 2023 jarida la Forbes lilifichua kwamba wafanyakazi wa TikTok huweza kuzisukuma baadhi ya video kwa mkono. Huwezi kulipangia hilo.

Soko la kutosha lipo. Ripoti ya Taasisi ya Reuters ya mwaka 2023 iliiweka Kenya mbele ya nchi zote zilizochunguzwa kwa matumizi ya TikTok: asilimia 54 ya waliohojiwa waliitumia, na asilimia 29 walipata habari huko. Pesa zenyewe ndizo zinazohitaji akili. Mpango wa TikTok wa kuwalipa watengenezaji wa video, uliotangazwa rasmi 2024, ulihitaji wafuasi 10,000, video kutazamwa mara 100,000 ndani ya siku 30 na video za zaidi ya dakika moja, lakini Kenya haikuwamo katika orodha ya nchi zake. Zawadi ambazo watazamaji hutuma kwenye matangazo mubashara zipo kwa aliyefikisha miaka 18 na wafuasi wasiopungua 1,000 kwa kawaida. Kwa wengi wetu, faida ni mteja anayefika Obunga akiuliza, “Wewe ndiye yule mama?” na anayelipa kwa M-Pesa. Kampuni ikikulipa kwa video zako, kumbuka Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio, inayokatwa kabla hujalipwa, ya asilimia 5.

Na kabla ya kurekodi sokoni, omba ruhusa. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019, uso wa mtu si wa kuchukuliwa tu na kufanyiwa biashara. Mwaka 2023 Kamishna wa Kulinda Data aliitoza kilabu kimoja cha Nairobi Sh1.85 milioni kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja Sh4.55 milioni kwa picha za watoto ambao wazazi wao hawakuombwa. Mteja akikataa, elekeza kamera kwenye mikono yako na bidhaa zako.